Nani anafuata njia ya orodha? Kazi tano ambazo vijana wa Lusangi wanaweza kuzishika

Kila mara tunapopeleka maikro kwa familia zilizohama, iwe hapa Lusangi, iwe Kasongo au upande wa Kabambare, kuna swali moja linalotangulia mengine yote. Watu wanauliza jina lao limeenda wapi. Waliandikwa. Walionyesha watoto, wakahesabiwa, wakaambiwa wangoje. Siku ya ugawaji ikafika, jina la jirani likasomwa, la kwao halikusomwa. Ukiuliza shirika, unaambiwa orodha ilitoka kwa chifu. Ukiuliza chifu, unaambiwa orodha ilichukuliwa na shirika. Ukiuliza komite ya wahamishwa, unaambiwa orodha ilirudi kutoka mjini ikiwa imepunguzwa.

Katikati ya hao wote hakuna anayeweza kusema waziwazi: jina hili liliandikwa siku fulani, lilihakikishwa siku fulani, liliondolewa siku fulani, na lililiondolewa na buro fulani kwa sababu fulani. Maoni yangu ni kwamba mtu wa kusema hivyo anapaswa kuwepo, alipwe kwa kazi hiyo, na atoke kwetu. Kufuata njia ya orodha ni ufundi. Unafundishwa, una vyeo na una mishahara katika nchi nyingine. Sisi tunaitwa tu kuandika majina kwa siku tatu, kwa malipo ya siku. Ya nne biki zinarudishwa, simu zinarudishwa kwenye sanduku, na ujuzi unapanda gari kurudi ulikotoka.

Ufundi wenyewe ni nini

Wataalamu wanauita uchimbaji wa michakato. Aliyeujenga zaidi ni profesa Mholanzi, Wil van der Aalst, ambaye alianza kazi hiyo katika chuo kikuu cha Eindhoven mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2011 alitoa kitabu juu yake. Mwaka huohuo vijana watatu wa Munich, Ujerumani, walianzisha kampuni ya Celonis, ambayo leo inauza kazi hiyo kwa makampuni makubwa ya dunia. Viwanda, benki na hospitali wanautumia kujua kazi yao inapita wapi hasa, na si wapi kitabu cha sheria kinasema ipite.

Msingi wake ni mwepesi. Kila kazi inayofanyika kwenye kompyuta au simu inaacha nyayo. Ili nyayo zisomeke, mambo matatu yanatosha: namba ya kitu kinachofuatwa, jina la tendo lililofanyika, na tarehe na saa ya tendo hilo. Ukikosa moja kati ya hayo matatu, njia inakatika.

Tuchukue mfano wa kubuni. Familia yenye namba 214. Kuandikwa: tarehe 3. Kuhakikishwa nyumbani: tarehe 5. Kuingizwa kwenye kompyuta: tarehe 6. Kuidhinishwa na buro: tarehe 27. Kupewa jetoni: tarehe 29. Kupokea: tarehe 30. Familia hiyo imengoja siku 27. Mtaani watu wanamlaumu chifu au kijana aliyepita na simu kuandika. Lakini tazama tena. Kijana na chifu walimaliza kazi yao kwa siku mbili. Siku 21 zililala kati ya kompyuta na sahihi ya buro.

Sasa weka mbele yako familia 1,000 za namna hiyo. Hakuna jicho la mtu litakalosoma zote. Programu inazisoma na kuchora ramani: barabara pana wanamopita wengi, na vijia vyembamba wanamopita wachache. Kwenye vijia ndiko mambo yanakofichwa. Kuna familia zilizorudishwa kuhakikishwa mara tatu, na pengine kuna zilizopata jetoni bila hatua ya kuhakikishwa kabisa. Ramani haimwiti mtu mwizi. Inaonyesha mahali pa kwenda kuuliza.

Jina la kuchimba linatufaa sisi watu wa Kusini-Maniema, maana tunajua shimo. Nani amewahi kuona mtu mmoja akaingia shimoni na kutoka na dhahabu safi? Kuna anayechimba, kuna anayebeba mawe mgongoni, kuna wamama wanaotwanga, kuna wanaoosha kwenye maji, na kuna anayepima kwenye mizani. Ukiondoa mmoja, wengine wanakaa na mawe tu. Ufundi huu nao ni hivyo. Kuna watu wanaodhani wakinunua kompyuta moja na kumwita mtaalamu mmoja kutoka Kinshasa wamemaliza. Wamenunua mizani, wakasahau wanaotwanga.

Si jambo geni kwetu

Wale wanaofanya kazi ya kasiterite katika jimbo letu wanajua mpango wa iTSCi. Kila mfuko unafungwa kibandiko chenye namba kwenye shimo, mbele ya watumishi wa serikali. Ukifika kwa mnunuzi unafungwa kibandiko cha pili, na namba zote zinaandikwa kwenye daftari pamoja na tarehe na uzito. Mpango huo una wasifu wake na malalamiko yake, na leo sizungumzi hayo. Ninachosema ni kwamba mchimbaji wa Maniema ambaye hakumaliza shule anaelewa vizuri kabisa kwa nini mfuko usio na namba hauna njia. Kama mfuko wa mawe unastahili namba na tarehe kila unapobadilisha mikono, familia iliyokimbia risasi usiku inastahili vilevile.

Mfano wa pili ni mkubwa zaidi, na vijana wengi hawaujui. Kuanzia mwaka 1971, Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Antwerp, Ubelgiji, kilifanya kazi Kasongo pamoja na waganga na wauguzi wa hapa. Kazi hiyo ilijulikana ulimwenguni kwa jina la Mradi wa Kasongo. Walipanga vituo vya afya vikizunguka hospitali moja ya rufaa, na kila mgonjwa alikuwa na karatasi yake. Kwa karatasi hizo walifuata watu: nani alifika kituoni, nani alitumwa hospitali, nani alifika kweli hospitali. Mwaka 1981 jarida la tiba la The Lancet la Uingereza lilichapisha uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo wenye miezi 7 hadi 35. Waganga wa nchi nyingine walibishana juu ya matokeo yale kwa miaka mingi.

Kasongo haikuwa na kompyuta kwenye kila kituo wakati huo. Ilikuwa na wauguzi walioandika namba, tendo na tarehe, kila siku, bila kuruka. Leo Lusangi ni mojawapo ya zoni 18 za afya za Maniema, na kuna muuguzi kwenye kituo cha afya anayejaza rejista mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Swali langu kwa wakubwa wa afya: je, tumekwenda mbele au tumerudi nyuma?

Yaliyotokea mwaka 2018

Kuna watu watasema hii ni anasa, kwamba mhamishwa anahitaji unga na hema, hahitaji ramani. Nawaelewa. Lakini turudi mwaka 2018. Shirika la Mercy Corps liligundua kwamba katika misaada ya feza kwa wahamishwa mashariki mwa nchi yetu, baadhi ya watumishi wa misaada, wafanyabiashara na viongozi wa jamii walishirikiana kuandikisha watu ambao hawakuhama, kisha wakagawana feza. Zaidi ya dola 600,000 zilipotea katika miezi michache. Mwaka 2020 habari hiyo ilitoka hadharani, na uchunguzi mpana uliofuata ulionyesha kwamba tatizo halikuwa la shirika moja.

Tafakari maana yake. Dola hizo zilihesabiwa kuwa zimewafikia wahamishwa. Kwenye ripoti zilikuwa zimefika. Orodha ilikuwa na majina, sahihi zilikuwepo, picha zilipigwa. Kila karatasi peke yake ilionekana nzuri. Udanganyifu wa namna hiyo hauonekani kwenye karatasi moja. Unaonekana ukiweka nyayo pamoja: mwandishi mmoja ameandika familia 80 kwa saa moja wakati wenzake wanaandika 6, majina mengi yameingia usiku baada ya ukaguzi kufungwa, namba moja ya simu imepokea feza za familia tano. Mwenye kujua kusoma nyayo anaweza kuona mambo hayo katika siku ya pili, kabla feza hazijatoka.

Kwa hiyo ramani na unga havishindani. Ramani ndiyo inayolinda unga mpaka ufike.

Kazi tano, na kiti kimoja

Sasa niwaambie vijana, na wazazi wao, kazi hizi ni zipi na zinahitaji nini.

Ya kwanza ni ya karani wa chanzo, yule anayekutana na familia na kuandika. Watu wanaidharau kwa sababu inalipwa kidogo, lakini kosa lililoingia hapa hakuna kompyuta italitoa. Karani anatakiwa kujua kuipa kila familia namba moja isiyorudiwa, na kuandika tarehe na saa palepale. Na anatakiwa kujua majina yetu. Kwetu mtu mmoja anaitwa Shabani kwenye kadi ya uchaguzi, Chabani kwenye shahada ya shule, na Chabane kwenye orodha ya shirika, kulingana na sikio la aliyeandika. Ramazani na Ramadhani, Asumani na Assoumani ni hivyohivyo. Mama anaandikwa kwa jina la mume kwenye orodha ya kwanza, na kwa jina lake mwenyewe kwenye ya pili, na kompyuta inaona watu wawili, au inamfuta mmoja ikidhani ni udanganyifu. Kijana wa Lusangi anayesikia Kibangubangu na Kizimba, anayejua kwamba jina la mtoto wa pacha linafuata utaratibu wake, ataepuka makosa ambayo mgeni mwenye diploma kubwa hawezi kuyaona.

Ya pili ni ya msafishaji wa data. Huyu anachukua kaye, rejista, majedwali na simu, na kuviunganisha viwe jedwali moja lenye zile nguzo tatu: namba, tendo, saa. Wenye uzoefu wanasema hapa ndipo muda mwingi wa kazi yote unakwenda, na mimi nawaamini. Mashirika mengi hapa Congo yanaandika kwa KoboToolbox kwenye simu. Fomu ya Kobo inaweza kuweka saa ya kuanza na saa ya kumaliza yenyewe, na seva inaweka saa ya kupokea. Hizo ni saa tofauti. Karani anaandika familia Jumatatu mahali pasipo na mtandao, fomu inatumwa Ijumaa akifika penye mtandao. Anayehesabu kwa saa ya kupokea atasema karani alilala siku nne. Na kama betri ya simu ilikufa na saa yake ikarudi nyuma, kuna familia itaonekana imepokea msaada kabla ya kuandikwa. Tarehe nazo ni mtego: 03/04 kwetu ni tarehe tatu mwezi wa nne, lakini kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani inasoma tarehe nne mwezi wa tatu. Msafishaji anahitaji kujua majedwali ya kompyuta vizuri, kisha lugha ya kuuliza hifadhidata inayoitwa SQL. Mtoto aliyemaliza sekondari katika biashara au informatiki anaweza kujifunza hayo.

Ya tatu ni ya mchambuzi, anayesoma ramani. Programu za kujifunzia zipo bila malipo. ProM ilitoka Eindhoven kwenyewe, na PM4Py ni ya wale wanaojua kuandika Python. Lakini programu haimfanyi mtu kuwa mchambuzi. Anatakiwa ajue kuuliza swali moja na kulifuata. Ajue pia kwamba wastani unadanganya. Ukiwa na familia 9 zilizongoja siku 4 na moja iliyongoja siku 64, wastani ni siku 10, na hakuna hata familia moja iliyongoja siku 10. Ripoti itasema siku 10, mkubwa atafurahi, na ile familia ya siku 64 itapotea ndani ya hesabu. Mchambuzi mwema anakwenda kuitafuta ile moja.

Ya nne ni ya mjuzi wa mahali na wa kazi yenyewe. Ramani itaonyesha kwamba mwezi fulani orodha za upande mmoja zilisimama wiki tatu. Mtu aliyekaa Goma ataandika uzembe. Mjuzi wa mahali atasema mto Luama ulijaa, daraja la miti lilivunjika, pikipiki hazikupita. Au atasema siku ya kuhakikisha iliwekwa siku ya soko, nyumba zikakutwa tupu, na familia zikaandikwa kuwa hazipo. Au kwamba ilikuwa msimu wa kupanda mpunga, na watu walilala mashambani. Huyu anaweza kuwa muuguzi wa zamani, mwalimu, mama wa komite ya wahamishwa, au mzee aliyewahi kuwa karani wa sekta. Si lazima aguse kompyuta. Lazima akae meza moja na mchambuzi, na neno lake liandikwe kwenye ripoti.

Ya tano ni ya mlinzi wa siri ambaye pia ni msemaji kwa familia. Orodha ya wahamishwa si karatasi ya kawaida. Inasema nani alitoka kijiji gani, analala wapi, ana mabinti wangapi, na siku gani atakuwa na feza mfukoni. Katika eneo ambalo bunduki zinatembea, orodha hiyo ikianguka mikononi pabaya inaua. Nchi yetu ina sheria sasa, Kodi ya Nambari ya tarehe 13 Machi 2023, yenye sehemu nzima juu ya kulinda habari za mtu binafsi. Mlinzi anahakikisha mchambuzi anaona namba 214 na haoni jina. Majina yanakaa kwenye jedwali jingine lenye ufunguo wake. Na yeye ndiye anayerudi kwa familia na kusema kwa Kiswahili chepesi njia yao imefika wapi. Kazi hii inataka mtu mwenye ulimi mzuri na mdomo uliofungwa, na watu wa namna hiyo tunao, hasa kati ya wamama.

Kuna na kiti cha sita, ambacho hakishikwi na kijana. Ni kiti cha mkubwa anayekubali kusikia. Ramani ikionyesha kwamba siku 21 zimelala kwenye buro yake, je, atabadilisha utaratibu au atamhamisha mchambuzi? Bila mkubwa wa namna hiyo, kazi tano zote zitatoa karatasi nzuri za kufungia karanga.

Pingamizi ninazozisikia

La kwanza: hatuna umeme wala mtandao. Kweli, na ni aibu kwa jimbo lenye madini haya yote. Lakini kazi ya kwanza na ya nne hazihitaji umeme kabisa. Ya pili na ya tatu zinahitaji kompyuta moja, sahani ya jua na siku chache za mtandao kwa mwezi. Mradi wa Kasongo ulianza na karatasi. Kinachokosekana kwetu zaidi ni tarehe, kuliko umeme.

La pili: vijana wa hapa wataandika ndugu zao. Ni hofu ya haki. Dawa yake ni kugawanya kazi: anayeandika asihakikishe, anayehakikisha asitoe jetoni, na nyayo za wote watatu zisomwe na mtu wa nne. Tena tusisahau kwamba katika mambo ya 2018 walioshirikiana hawakuwa wa kijiji peke yao. Kumleta mgeni hakujawahi kuwa dawa ya wizi.

La tatu ndilo linalonisumbua mimi mwenyewe, na sitalificha. Chombo hiki kinaweza kugeuzwa kiboko cha wadogo. Karani wa siku anapimwa kwa dakika, wakati buro ya juu haipimwi kwa wiki. Na kuna matendo yasiyoacha nyayo. Hakuna anayeandika saa alipoomba franga ili jina libaki kwenye orodha. Hakuna anayeandika kwamba mama mjane aliambiwa arudi peke yake jioni. Mambo hayo hayatatoka kwenye kompyuta yoyote. Yatatoka kwa watu wanaoweza kulalamika bila kuogopa, na kwa redio inayopokea malalamiko hayo na kuyafuatilia. Kwa hiyo siombi mashine ichukue nafasi ya masikio. Naomba viende pamoja: familia ikilalamika, nyayo zitazamwe, nyayo zikionyesha kijia cha ajabu, familia zilizopitia kijia hicho ziulizwe.

Ninachoomba

Kwa mashirika yanayofika Lusangi, Kasongo na Kabambare: mnapoandika mradi mpya, wekeni ndani yake kazi hizi kwa vijana wa hapa, kwa mkataba wa miezi, pamoja na mafunzo. Kijana aliyeandika majina kwa mwaka wa kwanza awe msafishaji mwaka wa pili. Na kati yao wawemo vijana wahamishwa, kwa sababu wengi walikuwa walimu, wauguzi na makarani kabla ya kukimbia. Mhamishwa hakuacha akili yake njiani.

Kwa wakubwa wa zoni za afya na wa sekta: anzeni na rejista moja tu, iwe ya chanjo, iwe ya kutuma wagonjwa Kasongo. Namba, tendo, tarehe, palepale. Miezi mitatu inatosha kuona mengi.

Kwa Chuo Kikuu cha Kindu na shule za sekondari zenye informatiki: msiishie kufundisha kuandika barua kwenye kompyuta. Mpeni mwanafunzi rejista ya kweli iliyofichwa majina, mumwambie atafute mahali kazi inapolala.

Kwenu familia, zilizohama na zinazopokea: msingoje programu. Kwenye kaye ya mtoto, ukurasa wa mwisho, andikeni mistari mitano. Siku mlipoandikwa na jina la shirika. Siku walipokuja kuhakikisha. Namba mliyopewa. Siku ya jetoni. Siku mliyopokea, na mlichopokea. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wa shule. Jetoni msiitoe mkononi kabla ya kunakili namba yake. Siku mtakapouliza jina limeenda wapi, hamtakuja na machozi peke yake. Mtakuja na tarehe, na mwenye buro naye atalazimika kutoa za kwake.

Nanyi vijana mnaokaa kwenye viti chini ya mwembe mkingoja shirika lije kuajiri waandishi wa siku tatu, mkifika kwenye mahojiano ulizeni swali moja: baada ya kuandika, nani anafuata njia ya orodha hii, na ni lini nasi tutafundishwa kuifuata? Likiulizwa na mmoja, atacheka. Likiulizwa na wote, italazimu apatikane wa kulijibu.